Sherehe ina kamati, ada ina maombi

Wiki hii kundi letu la WhatsApp mtaani limepokea maombi mawili. La kwanza, mchango wa send-off: kabla ya saa ya chakula cha usiku ahadi zilishajipanga, mwenyekiti na mweka hazina wakapatikana, mimi nikiwa mmoja wa walioahidi. La pili lilitoka kwa baba ambaye kijana wake amepata nafasi chuo kikuu, mkopo umekuja nusu. Kimya. Wawili wakamwandikia “Mungu atafanya njia”. Sherehe ina kamati, ada ina maombi. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, wazazi wengi tumeifanya ndiyo mpango wetu wote, ilhali si kila mwombaji hupata, wengine hupewa sehemu tu, na kinachotolewa ni deni: mnufaika akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Wakati huohuo UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto, ambako mzazi hununua vipande kidogo kidogo kwa jina la mwanawe, na vikoba vimejaa kila kona. Mama muuza mihogo jirani yangu anavyo vipande hivyo. Sisi wenye tai tunajua bei ya ukumbi. Niseme wazi: wengi wetu hatujashindwa kuweka akiba ya chuo, hatujataka. Mwenye mtoto wa chekechea, anza na mshahara wa mwezi huu.