Mama hana kosa
Huku Kilo, Ituri, kwenye vijiji vya wachimba dhahabu, mtoto akizaliwa haoni, hasikii au ana kichwa kidogo, hukumu hutolewa kabla kitovu hakijakauka. Mama ana damu mbaya. Kwao kuna laana. Amevunja mwiko. Wakwe wanaitana, mahari inadaiwa, na mwanamke anapakiwa kwenye pikipiki arudi kwao, mtoto mgongoni.

Ni uongo, na ni ukatili.

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alionyesha kuwa watoto wengi aliowakuta na mtoto wa jicho walizaliwa na mama waliougua rubela mimba ikiwa changa. Rubela ni homa ndogo na upele wa siku chache. Wanawake wengi hawajui hata kama imewapitia. Ikimpata mama asiye na kinga katika wiki 12 za kwanza, hadi watoto 9 kati ya 10 wanaweza kudhurika macho, masikio au moyo. Baada ya wiki ya 20 hatari hiyo karibu inaisha. Laana gani hiyo inayohesabu wiki?

“Mbona dada yake naye aliugua, na mtoto wake ni mzima?” Wazee hudhani swali hili linatufunga mdomo. Wasikie habari za mapacha wa Brazil. Virusi vya Zika, ambavyo kama rubela humdhuru mtoto akiwa tumboni, viligunduliwa mwaka 1947 msituni karibu na Entebbe, ng'ambo ya Ziwa Albert letu. Vilipoenea Brazil, mwaka 2015 watoto wenye vichwa vidogo walianza kuzaliwa kwa wingi. Kukawa na mapacha wasiofanana waliolala tumbo moja, mmoja akaathirika, mwenzake akatoka salama. Watafiti wa São Paulo walichukua damu ya baadhi yao, wakakuza kutokana nayo seli changa za ubongo, wakaziambukiza Zika. Katika seli za yule aliyeathirika, virusi vilizaana zaidi. Waliyaeleza hayo mwaka 2018: jeni za mtoto mwenyewe zinachangia. Na jeni hizo ni nusu za baba, nusu za mama, kwa mchanganyiko ambao hakuna aliyeuchagua. Baba naye asitupiwe lawama.

Kinachonichoma zaidi ni muda unaopotea. Familia inatafuta mbuzi wa mganga, kanisani wanatangaza mfungo, na mboni ya mtoto imebaki nyeupe vilevile. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao hupasuliwa miezi ya mwanzo. Ubongo usipopata picha mapema, jicho likisafishwa baadaye halitaona vizuri. Piga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, bila kumgusa. Asiposhtuka, mpeleke hospitali masikio yapimwe.

Rubela ina chanjo: Rwanda ilianza kuchanja dhidi ya surua pamoja na rubela mwaka 2013, Tanzania 2014, Uganda 2019. Chanjo hiyo hutolewa kabla ya mimba, kamwe si wakati wa mimba. Wazee wanaojua kudai mahari waende kwa wakubwa wa afya wa Ituri, wadai kila msichana wa Kilo achanjwe kabla hajaolewa.