Farasi wa Mabawa na Chombo cha Bati

Kila mwezi katika ukurasa huu tumezoea kuwausia wazazi juu ya malezi ya watoto wao. Mwezi huu nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, kwani mwenye kuusia watu na asijiusie nafsi yake maneno yake hayana baraka.

Katika chuo chetu hapa Ubungo yuko kijana wa miaka 13, mpole, mwepesi wa kuhifadhi. Alasiri moja nilimwona ameinamisha kichwa, mikono yake i chini ya marufaa, wala midomo yake haisomi. Nikamwendea kwa nyuma, nikamkuta ameshika kitu cha bati king'aacho, chenye miguu minne kama mdudu. Nikadhani ni kisanamu, au upuuzi mwingine wa madukani. Sikuuliza. Nilikipokonya, nikakitupa ndani ya kasha la vitabu, nikalifunga kwa nguvu. Kilisikika kitu kikilia humo ndani kama kijiti kikavu kivunjikapo. Kijana hakulia wala hakusema neno. Alisoma aya zake mpaka mwisho bila kukosea hata herufi moja. Kesho yake hakuja chuoni, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Magharibi, nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, akaniletea maji, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, mtoto si mgonjwa. Ana haya tu. Kitu kile alikijenga usiku kumi na mmoja, kila akimaliza kudurusu baada ya Isha. Alikileta chuoni akuonyeshe wewe."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma.

Kijana aliitwa, akaniamkia, akanieleza. Mjomba wake aliyeko Maskati alimletea mabamba ya chuma chembamba, kila bamba upana wake kama kiganja cha mkono. Juu yake vipande vimekwisha kukatwa kwa mashine ya mwanga, vimeshikizwa kwa vijisehemu vidogo tu. Mwenye kujenga huvikata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, huvikunja kwa kufuata mchoro, kisha huingiza vindimi vya kipande hiki katika matundu ya kipande kile, na kuvipinda au kuvisokota ili vishike. Hapana gundi, hapana kulehemu. Na vindimi vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele.

Nilimwuliza kwa nini akatumia siku nyingi vile. Akanijibu: "Maalim, ulimi wa bati unakubali kukunjwa mara moja. Ukikosea, unaweza kuukunjua ukaukunja tena. Lakini ukiurudiarudia, unakatika. Kwa hiyo natazama mchoro mara nyingi kabla sijakunja." Nami niliyeishi miaka yote kwa methali ya kumkunja samaki angali mbichi, nikanyamaza kimya. Watu wengi tunaishika methali hiyo kwa ajili ya kule kukunja, tusifikiri kwamba kuna vitu visivyostahimili kukunjwa kila siku.

Kitu chenyewe kilikuwa mfano wa chombo kilichowateremsha watu wawili juu ya mwezi tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, katika safari iitwayo Apollo 11. Kijana aliniambia jambo nisilolijua: kwamba kile chombo chenyewe, ili kiwe chepesi, mahali pengine ukuta wake ulikuwa mwembamba kiasi cha theluthi moja ya milimita. Waliokwenda mwezini walitenganishwa na mauti kwa bati lisilopita sana unene wa lile alilokuwa akilikunja yeye kwa vidole vyake.

Usiku ule nilirejea nyumbani nikaikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi, nayo imo katika mkusanyo wa Abu Daud. Mtume wetu (S.A.W.) alirudi kutoka vitani, upepo ukapeperusha pazia, vikaonekana vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (R.A.). Katikati yao alikuwamo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume akauliza ni nini hicho. Akajibiwa kuwa ni farasi. Akauliza tena ni nini kilicho juu yake. Akajibiwa kuwa ni mabawa. Akastaajabu: farasi naye ana mabawa? Bibi Aisha akamkumbusha kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tazameni basi. Mbora wa viumbe, katoka safarini na uchovu wake, anaona kitu cha mchezo chenye kuruka, naye anauliza mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu, ndipo anacheka. Mimi, mwalimu wa chuo kidogo cha Ubungo, niliona kitu cha mchezo chenye kuruka, wala sikuuliza hata mara moja.

Wengine watasema: je, huo si mchezo wa kupoteza wakati? Na je, si taswira? Ama taswira, kitu kisicho na roho, kama vile jahazi, nyumba au mti, wanazuoni wengi hawakukataza kukifanyia mfano. Ama wakati, nasi tupime kwa haki. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Sabaa kwamba alimlainishia Nabii Daud chuma, akamwamrisha kufanya nguo za vita na kuzipima barabara pete zake katika kuziunga. Basi kupima na kuunga chuma kwa uangalifu si kazi ya kudharauliwa. Na Waislamu wa zamani walichonga bamba za shaba nyeupe wakafanya asturlabu, ambazo kwazo walitambua nyota, saa za sala na upande wa kibla. Mikono ile nayo ilianza kwa kitu kidogo.

Tena tusidhani kuwa khabari za vyombo vya anga ni za watu wa mbali tu. Pale Tunguu, katika kisiwa cha Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya Mercury. Kilikuwapo wakati John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, nacho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na katika bahari ya Kenya, karibu na Malindi, Wataliana walisimamisha jukwaa la San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ile ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Na mwaka 2007, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda katika kituo cha angani, na wanazuoni wa kwao walikuwa wamemtungia mwongozo wa kusali na kufunga huko juu. Elimu ya dini haikuogopa kuuliza. Iliuliza, ikajibu.

Sasa nirudi kwenye deni langu. Mali ya mtoto ni mali, na mwenye kuiharibu ni juu yake kulipa, hata akiwa ni mwalimu. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nikamwomba radhi tena chuoni mbele ya wenziwe, kwa kuwa nilimtweza mbele yao. Nilitaka kumpa fedha, akakataa. Basi nilimnunulia koleo ndogo yenye mdomo mwembamba, kwani alikuwa akitumia kibano cha mamaye cha kutolea miba. Mguu uliovunjika aliufunga mwenyewe kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa katika waya mkuukuu wa taa. Kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. Mguu ule umesimama, lakini chombo kimeinama kidogo upande mmoja, wala hakitanyoka tena.

Yafaa niwape wazazi nasaha chache. Kwanza, mchezo usiingie katika wakati wa sala wala wa kudurusu. Na kijana huyu, tazameni, hakuuingiza, ila siku ile moja. Pili, msiwakopee watoto fedha za kununua vitu hivi. Sisi tuliokua miaka ya sabini tuliunda magari kwa waya na makopo, magurudumu yake ni kandambili zilizokatika, na vidole vyetu vilijifunza hayo hayo. Kopo la maziwa na mkasi mkuukuu vinatosha kuanzia. Tatu, kingo za bati hukata na vipande vyake ni vidogo. Visiachwe sakafuni mahali atambaapo mtoto mchanga. Nne, nalo ndilo kubwa: mwanao akikuletea kitu alichokifanya kwa mikono yake, ulizeni kwanza, mama na baba, ni nini hiki? Jibu likiwa baya, nafasi ya kukanya bado ipo.

Chuoni kwetu sasa, kila Alhamisi baada ya darasa, watoto wana ruhusa ya kuonyesha kazi za mikono yao. Alhamisi iliyopita yaliletwa magari mawili ya waya, na ukindu uliosukwa na binti wa miaka 9. Yule kijana hakuleta kitu. Ameketi, akatazama vya wenziwe, na kila kimoja alikiuliza habari zake.

Mwenyezi Mungu atughufirie makosa yetu kwa watoto wetu, na awajaalie mikono ya kheri. Amin.