Bunkeya Ifanyiwe Karamu ya Mavuno

Kila mwaka, tarehe 20 Disemba, mvua zikiwa zimekwisha kushika na mahindi yangali machanga mashambani, Wayeke hukutana Bunkeya, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, kumkumbuka mfalme wao, Mwami M'siri, aliyeuawa siku hiyo ya mwaka 1891 kwa risasi ya Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara wa Stairs uliokuja kuitwaa Katanga, naye Bodson akafa kwa jeraha alilolipata katika ghasia ile ile. Ni kumbukumbu yenye taadhima yake, wala sina nia ya kuipunguzia heshima hata chembe. Walakini ufalme uliosimama miaka mingi, ukatawala biashara kutoka mto Luapula hadi mto Lualaba, haustahili kukumbukwa kwa mauti ya mfalme wake peke yake, kana kwamba kabla ya risasi ile watu hawakulima, hawakupika wala hawakukirimu wageni. Ombi langu ni kwamba Bunkeya ipewe siku ya pili katika mwaka, mwezi wa Mei, mvua zikiisha kukoma na nafaka ikiisha kuingia ghalani, nayo iwe siku ya karamu ya vyakula vya nchi hii.

M'siri mwenyewe alikuja kutoka Usumbwa, magharibi ya Tabora, akifuata nyayo za baba yake Kalasa aliyekuwa tajiri wa misafara ya shaba. Mji wake uliuza shaba, pembe, chumvi na, haifai kuficha, wanadamu pia. Ukapokea wageni wa kila namna, Waswahili na Waarabu wa pwani ya mashariki, Wareno wa msafara wa Capello na Ivens, mmishenari Frederick Arnot aliyefika mwaka 1886. Wote hao walikula. Wazee husimulia kwamba ni Wayeke waliokuja na viazi vitamu katika nchi ya Wasanga, na kama simulizi hiyo ni sahihi, basi kiazi kimeishi katika nchi hii muda mrefu kuliko mamlaka ya aliyekileta. Na alipokwisha kufa Mwami, watu wakatawanyika wakayaacha makonde, njaa ikaingia Bunkeya kwa ukali usiosemeka. Katika majuma ya kwanza ya mwaka 1892 wapagazi wa Stairs, wengi wao Waunguja, walikufa kwa njaa katika nchi ambayo bwana wao aliitaka kwa ajili ya shaba yake. Sijui funzo la historia lililo bayana zaidi ya hilo kwa watu wa Lualaba wa leo.

Maana wahenga wa nchi hii walikuwa na utaratibu wao, nao ulikuwa mwema. Jean-Félix de Hemptinne, mbenediktini aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya wafua shaba wa zamani, wale walioitwa walaji wa shaba, akaeleza namna kazi yao ilivyofuata majira. Mvua zikinyesha, hakuna aliyekwenda kilimani, kwa kuwa kila mkono ulihitajika shambani. Mtama ukiisha kuvunwa, mnamo Mei, ndipo vijiji vilipoondoka pamoja, wanaume wakachimba, wanawake na watoto wakaokota na kuosha mawe ya kijani, tanuru zikajengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa, shaba ikamiminwa kuwa misalaba iliyotumika kama fedha katika Afrika ya Kati. Mvua za kwanza zikianguka, kazi ilikoma, watu wakarudi kwenye majembe. Mgodi ulilingoja shamba. Hakuna aliyeanza kuyeyusha jiwe kabla ya kuwa na akiba ya kula.

Leo mambo yamegeuka juu chini. Mgodi wa Mutoshi, ambao wazee waliufahamu kwa jina la Ruwe, ni katika migodi ya kwanza iliyofunguliwa na kampuni za Ulaya upande huu wa Kolwezi, na tangu siku zile za posho ya kampuni ya Union Minière mtu wa mgodini amezoea unga unaotoka mbali. Asubuhi sokoni utamwona mama akipima unga wa mahindi kwa meka, akiipangusa juu kwa kiganja isizidi wala isipungue, na aghalabu mahindi ya unga huo yamevuka mpaka kutoka Zambia. Zambia ikifunga mpaka kwa kuhofia njaa yake yenyewe, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, bei ya meka hupanda Kolwezi kabla ya juma kuisha, na mchimbaji aliyepata fedha ya kobalti huona bukari, yaani ugali wake, ikipungua sahanini. Haki ni ya Zambia kulisha watu wake kwanza, hasa baada ya ukame wa mwaka 2024 uliounguza mashamba yao. Aibu ni yetu, tulio na ardhi, mito na mvua ya miezi sita.

Wala si kwamba nchi haina vyakula. Nani aliyelelewa hapa asiyejua bowa, uyoga ule mkubwa unaochipuka juu ya vichuguu mvua zikianza, unaouzwa kando ya barabara ungali na udongo shinani? Nani asiyejua vinkubala, viwavi wa msituni wanaokaushwa na kupikwa kwa karanga, ambao hupungua kila mwaka kwa sababu miti wanayoila inakatwa kwa makaa na kwa kupanua mashimo? Ipo sombe ya majani ya muhogo, upo mchicha uitwao lengalenga, wapo samaki wa ziwa Nzilo. Ipo kikanda, itokanayo na viazi vidogo vya maua ya mwituni vinavyotwangwa pamoja na karanga na pilipili. Na upo munkoyo, ambao mpishi wake hupika uji mwepesi wa mahindi, akauacha upoe kidogo, kisha akatia mizizi iliyopondwa mpaka ikawa nyuzi nyuzi. Mizizi huugeuza uji kuwa majimaji matamu, na ukilala usiku mmoja huamka na uchachu unaoburudisha koo kuliko soda yoyote ya dukani. Maarifa haya yote yamo mikononi mwa wanawake wenye umri, na binti zao wengi wako mashimoni wakiosha mawe.

Watakuwapo watakaosema karamu ya siku moja haishibishi mji. Ni kweli, ikiwa itakuwa karamu ya hotuba, fulana na bia. Lakini tazama jirani zetu Wangoni wa Chipata, nchini Zambia, ambao tangu mwaka 1980 wameifufua sherehe ya Ncwala, na kila Februari mfalme wao Mpezeni huonja malimbuko mbele ya umma. Huko mkulima anajua kwamba iko siku ambayo nchi nzima itamtazama yeye. Ndilo jambo ninaloliomba: kila kijiji kije na walichokilima au kukichuma, kisiwepo chungu cha unga wa kununuliwa ng'ambo, mbegu za mtama na viazi zibadilishwe hapo hapo, na wenye mashamba waonane uso kwa uso na wanunuzi wa migodi ambao leo huagiza chakula cha wafanyakazi wao kutoka ng'ambo.

Fedha zipo kwa mujibu wa sheria. Kanuni ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inazilazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni haki ya mamlaka za serikali za mitaa, zikiwamo za machifu, mahali madini yanapochimbwa. Sehemu ndogo tu ya hiyo ingetosha maghala, barabara ya kuingilia Bunkeya, na gharama ya siku yenyewe.

Basi namsihi Mwami wa Wayeke, machifu wa Wasanga na serikali ya Lualaba huko Kolwezi, waketi pamoja wakati wa kiangazi hiki na kuitangaza siku hiyo kabla ya mvua za Oktoba, kwa sababu mkulima atakayealikwa Mei lazima awe amekwisha kujua wakati wa kupanda.