Pandeni mvua ikishakolea
Mvua za kwanza za Oktoba huwadanganya wengi hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi: ardhi ikilowa tu, watu wananunua miche ya hibiskasi na bugenvilia, kisha jua kali linarudi na miche inakauka. Ngojeni mwisho wa Novemba au Desemba. Lakini msichelewe, maana kichaka kinachobaki kijani mwaka mzima hakipumziki. Majani yake hupoteza maji hata Julai, wakati wa baridi kavu, na Lubumbashi hukaa karibu miezi sita bila mvua ya maana. Lazima mizizi iwe imeshuka chini kabla Aprili haijaisha. Anayepanda Machi atabeba ndoo za maji hadi Oktoba. Chimbeni mashimo mapema, changanyeni samadi na udongo wetu mwekundu, miche ifuate mvua ikishatulia.