Mchagulie mtoto taifa na ramani kabla gemu halijaanza

Wiki hii tunajibu swali la mzazi wa Bukiriro, wilayani Ngara. Kijana wake wa darasa la sita kila jioni yuko kwenye simu akijenga miji na himaya. Mzazi anauliza: mbona kila nikichungulia naona vita tu? Hakuna namna ya kucheza kwa kujenga?

Namna ipo, ndugu mzazi, na huamuliwa kabla mchezo haujaanza. Magemu haya huanza na ukurasa wa kuchagua: utaongoza taifa gani, kwenye ramani gani, na majirani wangapi. Watoto huupita haraka, nasi wazazi huwa hatupo. Kaa naye dakika tano hapo hapo.

Tuanze na Unciv, gemu la bure la simu za Android. Halina matangazo, na ukishalipakua linachezeka bila bando.

Taifa. Kila taifa lina kipawa chake. Ujerumani hunufaika kwa kupiga kambi za wavamizi, kwa hiyo anayeichukua atavutwa kwenye mapigano. Misri hujenga maajabu ya dunia, kama Piramidi, kwa kasi ya asilimia 20 zaidi. Kwa mtoto anayependa kujenga, mpe Misri.

Ramani. Ile iitwayo Pangaea ni bara moja kubwa. Mipaka hugusana mapema na ugomvi huanza. Archipelago ni visiwa. Jirani anahitaji vyombo vya majini kukufikia, hivyo mtoto anapata muda wa kulima, kuchimba madini na kujenga shule.

Mipangilio. Zima wavamizi. Ondoa alama kwenye ushindi wa kuteka miji, ubaki wa sayansi na utamaduni. Weka ugumu wa Settler, ulio mwepesi kuliko wote. Hata hivyo, mwambie aweke mlinzi kila mji, maana mji usio na mlinzi humtamanisha jirani.

Gemu la pili ni The Battle of Polytopia, jepesi na fupi. Ukichagua mtindo wa Perfection, mchezo unakwisha baada ya zamu 30, na hiyo inasaidia wakati wa kulala ukifika. Toleo la bure lina makabila manne, mengine hununuliwa, basi usimwachie namba ya siri ya malipo. Anayetaka amani achukue Xin-xi. Hao huanza wakijua kupanda milima, na kutoka hapo hujifunza elimu iitwayo Meditation. Elimu hiyo humpa mchezaji kazi ya kukaa zamu tano bila kushambulia mtu. Akiweza, anajenga mnara uitwao Altar of Peace, na unamwongezea alama. Ni magemu machache yanayomlipa mtoto kwa kujizuia.

Lakini tazama neno hilo, kabila. Gemu linamwambia mtoto achague kabila, kisha awashinde wengine. Kwetu Ngara neno hilo si la mchezo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto wakati ule na wanakumbuka. Mtoto wa darasa la sita hajui. Akishachagua, muulize: hawa wengine wamekukosea nini? Swali hilo litafungua mazungumzo ambayo makatazo hayafungui.

Kuna jambo moja la kuangalia. Visiwa ni vizuri kwa kuanzia, ila mtoto asijifunze kwamba amani ni kukaa peke yako. Sisi hatuishi kisiwani. Tunapakana na Rwanda na Burundi, na watu huvuka kila siku. Akishazoea Unciv, mhamishie Pangaea akiwa na jirani mmoja au wawili, umpe mtihani: afike mwisho bila kutangaza vita. Atalazimika kubadilishana bidhaa, kutia saini urafiki na kufungua mipaka. Hapo mweleze kuhusu mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wameujenga pamoja na wanagawana umeme wake sawa. Ni mto uleule ambao watu waliuvuka wakikimbia.

Kwa mzazi wa Bukiriro, usimnyang'anye kijana simu wiki hii. Jumamosi kaa naye, mchague Misri na visiwa, na mkubaliane muda wa kucheza kabla hajabonyeza kuanza. Akimaliza, akuonyeshe miji yake na akueleze kwa nini ameijenga pale.