Kufakamia Si Kula Tu



Imezuka katika madarasa ya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, desturi ambayo hatuwezi tena kuinyamazia. Mwalimu husimama ubaoni akaandika neno kula, kisha akapanga chini yake kubugia, kubwia, kupapia na kufakamia, akawaambia watoto kwamba hayo yote ni visawe na kila mmoja achague alitakalo. Watoto hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Sisi twasema halijaanza.

Tuanze na maana. Kamusi hulifafanua neno kufakamia kwa maneno machache: kula kwa pupa. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini uzito wake umo katika neno pupa, nalo ndilo wengi wetu tunaloliruka. Pupa si wingi wa chakula, wala si kasi peke yake. Mtu aweza kumaliza sinia zima la wali akitafuna taratibu na kuzungumza, asiwe amefakamia hata tonge moja. Huyo amekula sana, basi. Mwingine aweza kula matonge matano tu, na yote yakawa ya kufakamia, kwa kuwa la pili limeingia kinywani kabla la kwanza halijamezwa, na jicho lake limekwisha kukichagua kipande cha samaki kilicho mbele ya mwenzake. Pupa ni haraka iliyochanganyika na tamaa. Ndiyo maana wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Tuyatazame na maneno yaliyo jirani yake. Kubwia ni kutupia kinywani kwa kiganja kitu cha ungaunga, kama mtu abwiavyo ugoro au sukari. Kubugia ni kujaza kinywa, kama mtoto abugiavyo karanga. Kugugumia ni kwa vinywaji, kwa mafunda makubwa. Haya yote yaweza kubeba lawama, lakini kwanza yaeleza namna kitu kiingiavyo kinywani. Kufakamia humweleza mlaji mwenyewe, na humhukumu.

Na tusisahau sarufi. Mwanafunzi aonapo -ia mwishoni hudhani ameikuta kauli ya kutendea, akaanza kutafuta kitenzi fakama. Atatafuta hadi achoke. Kitenzi hiki chatumika kama kilivyo, na shamirisho yake hukifuata moja kwa moja: amefakamia wali, si amefakamia kwa wali.

Sasa tuje kwenye kiini cha ugomvi wetu. Katika zoezi moja lililopita mikononi mwetu tuliikuta sentensi hii: "Wavuvi walirudi alfajiri wakafakamia ugali." Mwalimu aliipa alama ya sahihi. Sisi tungeiwekea mkasi. Wavuvi wa ndagala hutoka jioni na taa zao, wakakesha ziwani katika usiku wa giza, kwa maana mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vema. Hurudi wamelowa, na baridi imewaingia mifupani. Mtu wa namna hiyo akila upesi, Kiswahili kina maneno ya kumtosha: alikula kwa njaa, alikula haraka, alikula akashiba. Kumwambia amefakamia ni kumgeuzia njaa yake kuwa aibu.

Msidhani tunagombea herufi. Miaka michache iliyopita tulishuhudia, katika shule moja ambayo hatutaitaja, mwalimu akitafuta mfano wa neno hili. Akamwonyesha kidole mtoto mmoja, akasema: "Kama huyu anavyofakamia maharagwe mchana." Darasa likaangua kicheko. Mtoto huyo alikuwa wa familia ya waliorejea kutoka Tanzania. Wazee wake walikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanzia mwambao huu huu, na wengi wa wakimbizi hao wakaishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwaka 2008 walirudi kwa wingi, na wengi wakakuta mashamba yao yana wenyeji wengine. Darasani humo hapakuwa na aliyekijua Kiswahili kuliko mtoto yule, kwa kuwa ndicho alichonyonya. Wenzake walicheka kwa sababu mwalimu alicheka. Yeye peke yake alilielewa neno. Kutoka siku ile akaitwa Mfakamiaji, na kwa muda mrefu hakukaribia sahani ya shule. Mwenzetu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa kwamba kufakamia ni kisawe cha kula.

Wako watakaotujibu kwamba kamusi haikumtenga mwenye njaa, na kwamba alaye kwa pupa amefakamia, awe tajiri au maskini. Twakubali kwamba kwa macho ya nje tendo laweza kufanana. Twakubali pia kwamba mama wa hapa kwetu humwambia mwanawe, "Usifakamie, mukeke ana miiba," na mtoto hatukaniki. Lakini tazameni nani anasema, na kwa nini. Mama anayo haki ya kulea, na lawama yake imebeba huruma. Neno hilo hilo likitoka kwa mtu mwingine juu ya mtoto wa watu, mbele ya watu, huwa tusi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Basi angalau asimpe jina.

Na hapa pana kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tunalitupa neno hili juu ya wanyonge, halafu tunalificha linapohitajika. Mtu akimaliza fedha za ushirika twasema kwa upole "amekula", kana kwamba alialikwa. Huyo ndiye aliyefakamia! Nyavu zenye macho madogo zizoazo hata vitoto vya samaki, nazo zalifakamia ziwa. Ziwa hili lina nchi nne, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na ni sinia moja. Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilikuwa kama mlaji aondoaye mkono sinianini ili chakula kisiishe. Mfano huo watoto wa Rumonge wangeuelewa mara moja, nasi twawapa orodha ya visawe.

Tangu Burundi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya Kiswahili shuleni imeongezeka, na vitabu vingi tunavyovitegemea vimetungwa mbali na ziwa letu. Hilo si kosa la vitabu. Kazi ya kulileta neno hadi ufukweni ni yetu sisi walimu.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, tuache kufundisha vitenzi vya kula kwa orodha. Tuvifundishe kwa sinia, tukiuliza nani anakula, na nani, na kwa hali gani. Pili, mwanafunzi akitunga sentensi yenye kufakamia, aulizwe kwa nini mlaji analaumiwa. Asipokuwa na jibu, atafute kitenzi kingine. Tatu, mwalimu asimfanye mwanafunzi aliye mbele yake kuwa mfano wa neno la lawama. Akikosa mfano, ajitaje mwenyewe.

Atakayepinga na atuandikie katika kurasa hizi, tutamjibu. Ila kabla hajashika kalamu, na aende mwaloni alfajiri, mitumbwi ifikapo, aketi na wavuvi na kula nao. Kisha atueleze ni nani pale aliyefakamia.