Msikiti wa Old Kampala na Libya Tusiyoijua

Kila mgeni anayenitembelea Kampala nampeleka Old Kampala, tupande ngazi zaidi ya 300 za mnara wa Msikiti wa Taifa, ambao wengi bado tunauita Msikiti wa Gaddafi. Huko juu mazungumzo ni yaleyale: walimuua baba wa Afrika. Zamani nami niliitikia. Sasa nakataa.

Nakataa kwa sababu Libya tunayoizungumzia ina mtu mmoja tu. Katika mdahalo wa wanafunzi nilisikia hotuba nne za kumsifu Gaddafi. Hakuna aliyetaja Waitalia walioivamia nchi ile mwaka 1911 wakamnyonga Omar Mukhtar mwaka 1931. Hakuna aliyetaja kwamba uhuru ulipatikana tarehe 24 Desemba 1951 chini ya Mfalme Idris, wala kwamba mafuta yaligunduliwa miaka kumi kabla Gaddafi hajapindua serikali, Septemba 1969. Mafuta yale hayakuwa yake. Msikiti aliokuja kuufungua mwaka 2008 ulimaliziwa kwa mali ya Walibya, na wao hawakuulizwa. Wangeulizwa wapi? Vyama vya siasa vilikuwa marufuku, na Juni 1996, katika gereza la Abu Salim, wafungwa wanaokadiriwa kufika 1,200 waliuawa.

Mwenzangu mmoja hunijibu: shule zilikuwa bure, hospitali pia. Kweli. Basi tumshukuru mtu kwa kuwagawia watu kilicho chao?

Na sisi Waganda tuna deni la kukumbuka zaidi ya hapo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waisraeli akaegemea Tripoli. Mwaka 1979, jeshi la Tanzania na wapiganaji wetu wakiwa njiani kuja kumwondoa, Gaddafi alituma askari kumwokoa. Wengi wao waliuawa Machi mwaka huo pale Lukaya, penye kinamasi, kwenye barabara ya Masaka. Ni Lukaya ileile ambapo basi husimama tukanunua nyama ya kuchoma na gonja kupitia dirishani. Vijana wa Kilibya waliletwa kufia tope la nchi wasiyoijua, wakimlinda mtu aliyewaua babu zetu. Amin aliposhindwa alikimbilia wapi kwanza? Libya.

Sina ugomvi na msikiti. Mimi mwenyewe huswali pale Ijumaa. Wala sitetei mabomu ya NATO ya mwaka 2011. Umoja wa Afrika ulikuwa umeunda kamati ya marais watano, Museveni akiwamo, kutafuta suluhu, na kamati ile ilipuuzwa. Hasira hiyo ni halali. Lakini mbona hasira yetu iliishia siku alipokufa yeye, tarehe 20 Oktoba 2011? Walibya takriban milioni saba walibaki. Wana utawala mmoja Tripoli na mwingine mashariki, na uchaguzi waliopangiwa tarehe 24 Desemba 2021, siku ya uhuru wao, haukufanyika.

Septemba 2023 mabwawa mawili yalipasuka juu ya mji wa Derna, maelfu wakafa usiku mmoja. Wiki ile darasani nilisubiri mmoja wa wale wasemaji wanne aseme neno. Tulizungumzia Ligi Kuu ya Uingereza. Mimi pia.